Mkalimani wa Kilingala

Mkalimani hakuwahi kukosa maana ya neno. Ukimpa neno la Kijita, la Kikerewe, la Kiarabu, au la Kijerumani lililobaki kwenye jiwe la kaburi la mmisionari, alishusha miwani mpaka ncha ya pua, kisha akakupa maana. Kama maana hiyo ilikuwa ya neno hilo au ya neno jingine, hilo lilikuwa suala tofauti, na mtaani kwetu Butimba hatukuwa na desturi ya kumsumbua mtu mzima kwa masuala tofauti.

Hata cheo chenyewe kilikuwa cha kweli. Alikuwa mkalimani wa mahakama. Mtu akiletwa kutoka kijijini hana Kiswahili, yeye alisimama kati yake na hakimu, mikono nyuma, suti ya Kaunda imepigwa pasi mpaka inatisha, akageuza Kisukuma au Kihaya kuwa Kiswahili cha serikali. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nilimwona kazini siku niliyoitwa kutoa ushahidi juu ya mbuzi waliokula bustani ya shule. Kesi iliyotangulia yetu ilikuwa ya mzee mmoja wa Kisukuma na ng'ombe. Mzee alieleza kwa muda ambao ningeweza kumaliza kipindi na kusahihisha madaftari. Alionyesha pembe kwa mikono, akaonyesha kwato, akaiga mlio wa ng'ombe mwenyewe, akakaribia kutoa machozi. Alipomaliza, Mkalimani alikohoa, akasema, "Anakana."

"Yote hayo anakana tu?" hakimu akauliza.

"Mheshimiwa, mengine ni mapambo."

Shahidi aliyefuata, mama mmoja mwoga, alijibu kwa neno moja, na Mkalimani akalitafsiri neno hilo mpaka karani akaomba kubadilisha kalamu. Nilimuuliza baadaye imekuwaje. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwanafunzi mzito, kwamba kazi yake si kubeba maneno bali kubeba haki, na haki lazima igawanywe sawa. Yule mzee alikuwa amezidisha, yule mama alikuwa amepungukiwa.

Lakini mtaani hatukumjua kwa mahakama. Tulimjua kwa bendi.

Bendi hiyo ilikuwa ya Zaire. Sitaitaja jina kwa sababu yeye mwenyewe hakulitaja. Alisema "vijana wangu", ingawa kiongozi wao, ukimwangalia kwenye picha ya kanda, alikuwa na umri wake au zaidi. Mkalimani alikuwa na kanda zao zote, na kwenye jalada la mojawapo palikuwa na neno moja lililoandikwa kwa herufi za kuinama, ambalo yeye alilisoma kuwa "roki". Neno hilo lilimwokoa. Alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, mwimbaji wa besi katika kwaya, na kila mtu alijua msimamo wa wazee wa kanisa kuhusu muziki wa dansi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Aliwahi kusimamisha uchumba wa kijana wa kwaya kwa kuwa alionekana kwenye ukumbi wa dansi. Lakini hakuna kikao chochote cha wazee kilichowahi kukataza roki, maana hakuna mzee hata mmoja aliyejua ni kitu gani.

"Dansi ni ya walevi," alikuwa akisema. "Hii ni roki. Sikiliza lile gitaa la kati. Lile gitaa linasali."

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alitoa kigoda nje, juu ya kigoda akaweka kitambaa kilichofumwa na mkewe, juu ya kitambaa akaweka redio kaseti, na redio ile aliielekeza barabarani, wala si kwake. Betri alikuwa amekwisha kuzianika juani tangu asubuhi, zimejipanga juu ya bati kama dagaa, ili zipate nguvu ya upande wa pili wa kanda. Kurudisha kanda nyuma alitumia kalamu ya wino, akiizungusha kwa mkono, kwa kuwa kurudisha kwa mashine kunakula moto. Miaka ile umeme ulikuwa wa mgao, na redio za watu binafsi zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kusikika, zikipiga kila kitu kwa kila mtu. Mkalimani alizidharau. Alisema muziki usioeleweka maneno ni kelele za kiwandani, na Watanzania walikuwa wanauziwa kelele kwa sababu hawana mtu wa kuwatafsiria.

Mtu huyo alikuwepo, bila shaka. "Nyie sikilizeni gitaa," alituambia, "maneno nitawaeleza."

Nadharia yake ilikuwa fupi. Kilingala, alisema, ni Kihaya kilichovuka maji vibaya. Ukiwa na Kihaya, ukaongeza Kisukuma cha mkewe, ukatoa uvivu, Kilingala chote kinafunguka. Alitoa mifano. Mwana ni mwana. Motema ni mtima, moyo. Ndako, neno lisilofanana na la kwetu lolote, hapo alipita haraka. Na kwa kweli mtu ambaye hajui Kilingala hata kidogo hakuwa na pa kumshikia, na mtaa mzima ulikuwa wa watu hao.

Isipokuwa mume wangu, ambaye naye hakujua Kilingala lakini alikuwa na kipaji cha ubishi. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, kazi ya kusimama kimya siku nzima kwenye baridi, kwa hiyo maneno yake yote aliyaleta nyumbani. Nyumba yetu na ya Mkalimani zilitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na mume wangu akaanza kufuatilia. Wimbo wa pili wa upande wa kwanza, alisema, umetafsiriwa mara tatu mbele yake. Mara ya kwanza, mbele ya binti wa jirani aliyeachwa na mchumba, ulikuwa unahusu mwanamke aliyengoja barua. Mara ya pili, wakati wa kampeni za vyama vingi, ulikuwa unahusu chifu aliyekataa kuachia kiti. Mara ya tatu, mbele ya mama muuza mihogo, ulikuwa unahusu bei ya mihogo.

"Muziki mkubwa una maana nyingi," Mkalimani akamjibu.

"Mihogo, mzee?"

"Mihogo ni chakula cha wengi, kijana. Wewe hutaki wasanii waimbe chakula cha wengi?"

Huyo mtu anayetetea mihogo hakuila. Alikuwa Mhaya wa ndizi, na ugali aliuita saruji, hata mezani kwa wakwe zake Wasukuma, ambao walimpenda hivyo hivyo. Alidai shikamoo kutoka kwa kila aliye mdogo wake hata kwa wiki mbili, lakini mwizi wa kuku alipotaka kupigwa pale njia panda, ni yeye aliyejitupa juu yake na suti yake ya Kaunda, akipiga kelele kwamba mtu hahukumiwi kabla ya kutafsiriwa. Yule mwizi alikuwa Msukuma wa mjini na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu. Lakini alipona.

Sasa niseme juu ya wimbo wenyewe, kwa sababu bila wimbo huo Mkalimani angebaki kichekesho tu, na mimi nisingekaa kuandika haya.

Uliitwa Nalela Mwana. Ulikuwa wa mwisho upande wa pili, mrefu, unaanza taratibu kwa gitaa moja, halafu sauti ya kiongozi inaingia juu peke yake. Hapa hata mume wangu hakuwa na la kubisha, maana neno lilikuwa linajieleza lenyewe. Kwa Kihaya kulera ni kulea mtoto. Kwa Kisukuma ni kulela, kulea vilevile, na kwa kuwa nusu ya mtaa wetu haikujali kama mtu anasema l au r, hapakuwa hata na haja ya kumuuliza Mkalimani. Mwana ni mwana. Nalela mwana: namlea mwanangu. Bibi zetu waliosikia mara ya kwanza walitikisa vichwa wakasema kumbe Wazaire nao ni watu.

Hivyo ukawa wimbo wa watoto wa Butimba. Mama akitoka hospitali na kichanga, Mkalimani alimsubiri mlangoni kwake na redio begani, kanda imekwisha kuwekwa pale pale inapotakiwa. Gitaa likianza, yeye alitafsiri kwa sauti ya mahakamani: "Anasema, namlea mwanangu. Asubuhi namlea, jioni namlea. Majirani, njooni mwone ninavyomlea." Vigelegele vikapigwa, mtoto akaingizwa ndani. Ikawa desturi kamili kiasi kwamba mke wa dereva mmoja, aliyefika na kichanga mapema kuliko ilivyotarajiwa, alikaa garini na mshono wake akingoja Mkalimani avae shati. Wanangu watatu wote waliingia nyumbani kwa wimbo huo. Wa pili aliingia akilia sana, na Mkalimani akasema ana sikio.

Yeye na mkewe hawakuwa na mtoto. Waliwahi kupata mmoja, wakamzika Bukoba kabla ya kuhamia Mwanza. Hilo aliniambia mkewe mwenyewe, mara moja tu, tukichambua mchele uani kwake, na alipomaliza kusema aliniuliza kama mchele wangu nao una mawe mengi. Nikasema ndiyo, una mawe.

Kisha likapita gari la kipaza sauti likitangaza kwamba bendi inakuja.

Sijui kama nimewahi kuona mtu akifurahi vibaya namna ile. Miaka yote alikuwa amewaona vijana wake kwenye picha ya jalada yenye ukubwa wa kiberiti, na sasa walikuwa wanakuja Mwanza na miguu yao. Aliomba likizo mahakamani. Alinunua viatu vya mtumba vya Italia, vikubwa kidogo, akajaza magazeti mbele. Alitutangazia kwamba kwa kuwa mtaa wetu ndio pekee mjini ulio na elimu ya bendi hii, hatutakwenda kuaibisha, na kwa wiki mbili jioni alitufundisha uani kuitikia viitikio. Tulikuwa watu wazima na kazi zetu. Tuliitikia.

Mume wangu naye alijiandaa kwa njia yake. "Wale ni wenye lugha," aliniambia. "Safari hii tutajua." Na hapo nikaelewa, na nadhani Mkalimani pia alielewa, maana siku mbili za mwisho alikuwa amepungukiwa maneno: alikuwa anakwenda kukutana na watu pekee duniani wanaoweza kumwambia kwamba hajui. Angeweza kujifanya mgonjwa. Malaria ipo, haina gharama. Lakini angekosa kuwaona, na hilo halikuwezekana.

Onyesho lilikuwa Jumapili mchana, kwenye uwanja wa mpira, mchana kwa sababu ya mgao na kwa sababu jenereta la waandaaji halikuaminika. Mume wangu aliazima pikapu ya kiwandani na sote tukapakiwa nyuma, akina mama na gauni za kitenge, watoto, Mkalimani mbele na viatu vyake. Tulifika tukinuka sangara, tukapata nafasi nzuri sana karibu na jukwaa, maana watu walitupisha.

Wale wa kwenye jalada walikuwa wamebaki wawili tu, kiongozi na mpiga ngoma. Wengine walikuwa vijana waliookotwa njiani. Gitaa la kati, lile linalosali, lilikuwa limekatika waya mmoja. Kiongozi alikuwa mwembamba kuliko suti yake. Mimi nilisikitika kidogo, lakini nilipomtazama Mkalimani niliona amevua miwani na kuifuta, akaivaa, akaivua tena, na midomo yake inatembea na kila neno.

Baada ya nyimbo mbili kiongozi alitaka kuzungumza. Alisema "Mbote na bino", akaendelea, na mshereheshaji, kijana wa mjini mwenye kipaza sauti na miwani ya jua, akabaki anacheka tu. Akauliza uwanja kama kuna anayejua Kilingala. Sisi wa Butimba tulikuwa tumefundishwa wiki mbili. Tulinyanyua mikono yote tukamsonta mtu wetu, na mume wangu, sitamsahau, ndiye aliyemshika kiunoni na kumsukuma juu ya jukwaa.

Alisimama kati ya kiongozi na uwanja, mikono nyuma, na hapo hapo akawa kazini. Kiongozi akasema maneno. "Anawasalimu," akasema Mkalimani. Tukashangilia. Kiongozi akasema mengi, akionyesha ziwa, akionyesha mbingu, akishika mgongo. "Anasema safari ilikuwa ndefu lakini Mwanza ni kuzuri." Tukashangilia zaidi. Mpaka hapo sidhani kama alikosea. Ni mambo gani mengine mtu angesema?

Angeweza kushuka wakati huo na angeshuka na heshima yake yote. Badala yake akamgeukia kiongozi, akaweka mkono kifuani, na kwa sauti ndogo tuliyoisikia sote kwenye spika akaomba: "Nalela Mwana."

Yule mtu alimtazama muda mrefu. Akaanza kusema, polepole, anaangalia chini, anarudia "mwana" na neno jingine, mkono wake akiushusha karibu na goti kuonyesha kimo. Mkalimani alisikiliza mpaka mwisho, akatugeukia.

"Anasema wimbo huu aliutunga mtoto wake alipozaliwa. Anawaomba wote wenye watoto wainuke, wacheze."

Tukainuka. Nani asingeinuka? Gitaa la kwanza likaanza, na mtaa wetu wote ukaingia na kiitikio tulichofundishwa, na walioketi nyuma wakatuiga. Akina mama waliwanyanyua watoto juu. Vigelegele vilipigwa mpaka mimi mwenyewe nikaishiwa pumzi. Wanaume walipanda kumtuza kiongozi, wakimbandika noti kwenye paji la uso, na noti zilikuwa zinashika vizuri kwa kuwa uso ulikuwa umelowa, nasi tukadhani ni jasho. Mama muuza mihogo alimpelekea mjukuu wake jukwaani, akamweka mikononi mwake kabisa, akipiga makofi.

Kiongozi akaacha kuimba. Alibaki amemshika yule mtoto, na magitaa yakaacha moja baada ya jingine, na sisi tukaendelea kuimba kiitikio peke yetu kwa muda wa kutosha kujiaibisha. Mpiga ngoma akainuka. Alikuwa mtu wa Lubumbashi, ana Kiswahili chake, akaja mbele na fimbo zake mkononi.

"Baba," akamwambia Mkalimani, na kipaza sauti kilichukua kila kitu, "uliwaambia nini hawa watu? Mbona wanacheza?"

"Nimewaambia analea mtoto."

"Hapana, baba. Ule mtoto alikufaka. Kulela ni kulia. Anamulilia."

Nataka kusema ukweli hapa: jambo la kwanza nililofanya ni kumtazama mume wangu, nikitegemea kuona uso wa mshindi. Hakuwa nao. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anaangalia ardhi, mtu aliyepata alichokitafuta akakuta hakifai.

Mkalimani angeweza kusema Kiswahili cha Lubumbashi hakieleweki. Angeweza kusema kwa Kihaya ni vingine, na ingekuwa kweli. Uwanja ungemkubalia, watu walitaka kucheza. Alibaki amesimama, na viatu vyake vikubwa vilikuwa vimegeukia pande mbili. Kisha akamchukua mtoto taratibu kutoka mikononi mwa kiongozi, akamrudisha kwa bibi yake, akainama kwenye kipaza sauti.

"Naomba kurekebisha tafsiri," akasema. "Nilisema analea. Si analea. Analia. Mtoto wake amefariki, na huu ni wimbo wa kumlilia. Kosa ni la mkalimani, si la aliyesema. Naomba mkae chini."

Tukakaa. Akina mama hawakurudi kwenye viti, walikaa kwenye majani wakanyoosha miguu, kama tukaavyo msibani, na wanaume wakavua kofia. Mtu fulani nyuma alitaka kucheka na akanyamazishwa. Mkalimani akamgeukia kiongozi, akainamisha kichwa tu. Na yule mtu akaanza upya tangu gitaa la kwanza.

Nimesikia muziki mwingi tangu hapo, na watu wananiambia ule wa siku hizi ni mzuri zaidi. Sibishi. Nasema tu kwamba siku ile niliketi kwenye majani na wanangu watatu mapajani, nikasikia wimbo niliousikia Jumamosi zote za ndoa yangu, na ilikuwa mara ya kwanza kuusikia. Kila mtu aliyekuwa na wake wa kumlilia alilia. Alipomaliza hatukupiga makofi. Tulimpa pole, uwanja mzima, kwa Kiswahili, na hiyo haikuhitaji tafsiri.

Huzuni yetu ilidumu mpaka Jumatatu. Jumatatu tulikumbuka kwamba watoto wetu wote wameingizwa majumbani kwa wimbo wa maziko. Mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa na kifua tangu kuzaliwa alipata maelezo kamili. Mwingine alimpeleka wake kwa mchungaji akaombewe, na mchungaji, ambaye naye alikuwa amecheza, akaomba kwa bidii. Vijana wa njia panda walimsimamisha Mkalimani na kumuuliza "mambo" maana yake nini kwa Kihaya.

Yeye alifanya jambo moja. Alipita nyumba kwa nyumba, kila iliyokuwa na mtoto wa wimbo ule, na suti yake, kofia mkononi, akasema mlangoni: "Nimekuja kurekebisha tafsiri." Aliomba radhi kwa mama, akaomba radhi kwa mtoto mwenyewe kwa jina, hata kama mtoto ana miezi minne. Alipofika kwetu nilikuwa nafua, nina hasira na sabuni, nikamwambia, "Sasa mzee, na ile ya mihogo utairekebisha lini?" Alicheka kidogo, akaniaga. Maneno yale yananiuma mpaka leo. Ningeyameza kama ningeweza.

Jumamosi iliyofuata kigoda hakikutoka. Wala iliyofuata. Watoto wa Butimba wakaanza kuingia nyumbani kimyakimya kama watoto wa mahali pengine popote, na mume wangu, ambaye hakuwa na wa kubishana naye, akaanza kubishana na mimi. Mwaka uliofuata serikali ilipunguza wafanyakazi, na Mkalimani akawa mmoja wao. Wakafunga mizigo, yeye na mkewe, wakahamia ng'ambo upande wa Sengerema, kwao mke.

Nilimwona tena baada ya miaka kadhaa. Nilikuwa natoka Sengerema kwenye semina ya walimu, nimefika Kamanga alasiri, kivuko ndiyo kwanza kimeng'oa nanga. Nikaingia kwenye mgahawa mdogo wa mabati ninywe chai, na kabla sijakaa nikasikia gitaa. Lile lile, taratibu, halafu sauti juu peke yake. Mkalimani alikuwa ameketi nje upande wa kivuli, anamenya viazi kwenye beseni. Amekuwa mzee. Suti ilikuwa imebaki koti tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Watoto hawajambo?"

Akawataja watatu wote kwa majina. Nikamjibu, wote wazima, wa pili anapiga kinanda kanisani. Akafurahi. Nikachukua kisu cha pili nikaanza kumenya naye, maana sikujua niweke wapi mikono.

"Umerudia kanda, mzee," nikasema.

"Sikurudia mimi." Akaelekeza kisu ndani, aliko mkewe. "Kanda ni ya mama siku hizi. Mimi niliitupa."

"Lini?"

"Siku ya kuhama Butimba. Niliitia kwenye taka. Nageuka namwona ameiokota, anaifuta kwa khanga." Alichagua kiazi kingine, akakigeuza akitafuta pa kuanzia. "Hapo ndipo nilipomuuliza. Nikamwambia, kwani wewe ulijua? Akasema alijua tangu Bukoba tulikomzika mtoto, tangu siku niliyoileta ndani. Akasema mtu anayelea mtoto hasikiki vile."

Ndani mkewe alikuwa anapita kati ya meza na birika, ametupa kisogo. Wateja wawili walikuwa wanagombania chumvi.

"Nikamwambia, mama, mimi ni mkalimani. Umeniacha niseme uongo mbele ya mtaa mzima, miaka yote ile, kwenye mlango wa kila mzazi. Ulishindwaje kunisahihisha?"

"Akasema nini?"

Aliweka kisu chini.

"Akasema, ningekusahihisha, ungeizima."